Kinywa cha Mia Nane na Kumi na Moja

Kwa miezi saba kazi yangu ilikuwa kuwachungulia watu vinywani kabla hawajajifunza kusema uongo. Nilikuwa nimeshastaafu kufagia wodi ya wazazi, miaka ishirini na sita ya ufagio na ndoo, niko nyumbani nagombana na kuku. Nesi mkuu akaniita. Kuna daktari amekuja, akasema, anataka kujua ni watoto wangapi wanaozaliwa na kasoro za kinywa, maana hapa kwetu kila mtu anakisia tu. Anahitaji mtu wa kumshikia tochi na kujaza daftari, mtu asiyetishwa na kilio cha mtoto wala matusi ya mama yake.

"Kwa matusi mmempata," nikasema.

Daktari mwenyewe alikuwa kijana mwembamba, viatu vyake vinalia kama vifaranga. Utaratibu wake hakuubadilisha hata siku moja. Anabonyeza kidevu cha mtoto kwa kidole, anashusha ulimi kwa kijiti cha mbao, mimi namulika. Anaanza na midomo, halafu ufizi, kama kuna jino, ulimi na chini yake, mwisho kaakaa, mpaka nyuma kabisa pale kilimi kinaponing'inia. Ananitajia, mimi natia alama: vema kwa kilicho sawa, mkasi kwa chenye kasoro. Darasa la saba langu lilitosha na chenji ikabaki. Siku ya kwanza aliniambia jambo moja tu.

"Bibi, ambacho hatujakiona hatukiandiki."

"Hata kama nakijua?"

"Hasa kama unakijua."

Wazazi wakanipa jina la Bibi Tochi. Nikalipenda.

Mengi tuliyaona. Punje nyeupe juu ya ufizi, kama za mchele, zaidi ya nusu ya watoto walikuwa nazo. Mama mmoja alipiga kelele kwamba nimemlisha mwanawe wali. Daktari akamwambia hizo si kasoro, zinapotea zenyewe. Ulimi uliofungwa kwa chini tuliwapata thelathini na wanne, na baba wa mmoja akasema, "Huyo mwacheni hivyohivyo, wa kufungwa ulimi ni mama yake." Nikamjibu kwamba hospitali yetu inafunga na wanaume pia, ila siyo ulimi. Hakurudi tena na masihara. Jino tulimwona nalo mmoja, jino kamili la chini, na mama yake akashangaa: "Ndiyo maana mwezi wote alikuwa ananing'ata humo tumboni!" Mdomo uliopasuka, mmoja. Na safu ya kaakaa ilikuwa sifuri.

Sifuri hiyo ilimkosesha daktari raha. Akasema wenzake wa kwingine waliohesabu, ukichanganya mdomo na kaakaa, wanampata kama mtoto mmoja katika kila mia saba hivi. Kasoro ya kaakaa peke yake ni adimu zaidi, na ndiyo inayojificha, kwa sababu kwa nje mtoto ni mzuri tu, mashavu, midomo, kila kitu. Mwenye mdomo uliopasuka hata jirani anamwona. Wa kaakaa asipomulikwa anakwenda nyumbani na shida yake kinywani.

"Labda kwetu hawapo," nikamwambia.

"Wapo, Bibi. Hatujawafikia."

Mimi ile sifuri niliipenda. Niliiona kama sakafu niliyoifagia mwenyewe.

Kinywa cha mia nane na kumi na moja kilikuja siku moja kabla ya adhuhuri, na kilikuwa cha kwetu. Mjukuu wangu, binti wa binti yangu, ambaye tangu anatambaa namwita mke mwenza, alijifungua mtoto wa kike. Mume wetu ni dereva wa lori, alikuwa barabarani, mwendo wa siku tatu kutoka kwetu, anapiga simu kila kituo kuuliza mtoto amefanana na nani. Nikamwambia amefanana na mimi, kwa hiyo ajiandae.

Pale kitandani alikuwepo pia mama yake dereva, mkwe wetu, fundi cherehani. Mwanamke huyu haongei bila kupima. Anakutazama mabegani, kiunoni, anakata shauri. Alimfunua mtoto, akamgeuza kama nguo anayokagua mishono.

"Midomo mizuri," akasema. "Kwetu wote tuna midomo mizuri."

Daktari alikuwa amefika kitanda cha jirani alipoitwa mbio chumba cha upasuaji. Akaniachia tochi, vijiti na daftari. "Nisubiri, Bibi. Wamebaki watatu."

Nikaona nisikae bure, niulize maswali ya ukurasa. Umri wa mama. Mimba ya ngapi. Mpaka nikafika lile la mwisho: katika ukoo, yuko mtu aliyezaliwa na kasoro ya kinywa?

Mke mwenza akacheka kwa uchovu. "Bibi, unaniuliza mimi? Wewe ndiye ukoo."

Mkwe naye akainua macho, anasubiri. Kipimo chake tayari kimenizunguka shingo.

Nilikuwa na dada. Alizaliwa na tundu juu ya kinywa, ndani, kwa nje hakuna anayejua mpaka aseme. Alisemea puani maisha yake yote, na watoto wa mtaani wakamwita Filimbi. Alihamia mbali, akafia huko kabla huyu mke mwenza wangu hajazaliwa, na kwetu tukaacha kumtaja. Hakuna aliyeamua hivyo. Tuliacha tu. Mkwe ananitazama, kalamu ipo mkononi, nikaandika: Hapana.

Na kalamu ikishaandika uongo mmoja inakuwa nyepesi. Mtoto amelala. Nilinawa, nikapitisha kidole juu ya ufizi, laini. Midomo imeshonwa vizuri. Nikajiambia kijiti cha mbao kitamwamsha bure, na mimi ni mtu niliyeona vinywa mia nane na kumi. Nikatia vema tano, moja kwa kila safu. Ya kaakaa niliitia haraka kuliko zote.

Daktari alirudi jasho linamtoka. "Huyu tumemtazama?"

"Tumemtazama."

Akafungua ukurasa unaofuata. Wale wawili waliobaki tukawatazama mpaka kilimi.

Kesho yake wakaruhusiwa. Nikaenda kukaa nao, maana mama yake mke mwenza alishatangulia mbele ya haki na zamu ikanirudia mimi. Nyumba ni chumba na sebule, na sebuleni mkwe amehamishia cherehani yake ili asikose lolote. Anashona sare za shule, krrr, krrr, pini mdomoni, anaongea katikati ya pini.

Mtoto ananyonya lakini hanyonyi. Nitasemaje. Anakaa titini saa nzima, anavuta, panatoka sauti kama ya kandambili kwenye tope, chwaka chwaka, halafu anachoka, analala. Dakika kumi, ameamka, analia. Siku ya tatu maziwa yakamtoka puani. Mke mwenza akaruka.

"Bibi! Puani!"

"Watoto hucheua," nikasema, nikamfuta upesi.

Krrr. "Maziwa yako mepesi," mkwe akasema kutoka sebuleni. "Hayakai. Mimi mwanangu nilimnyonyesha akawa kama gunia."

"Mama, yanatoka mengi, kanga yote imelowa."

"Mengi siyo mazito."

Mke mwenza, masikini, akainamisha kichwa. Nilipaswa kusema hapohapo. Nikachukua ufagio. Nikafagia chumba, nikafagia sebule, nikafagia mlangoni, nikarudi chumbani kuanza upya. Nikikaa nasikia chwaka chwaka; nikisimama naisikia vilevile. Nikaenda kuangalia chupa ya chai ambayo nilijua ni tupu. Nikaikunja kanga iliyokunjwa.

"Mkwe," yule fundi akasema, mguu ukiwa juu ya pedali, "ukiendelea hivyo utafika kwenye sakafu ya jirani."

Siku ya nne akanunua maziwa ya kopo na chupa, bila kumuuliza mtu. Mke mwenza aligeukia ukutani wakati mwanawe anapewa. Mtoto akavuta, akakohoa, akawa wa bluu kidogo kuzunguka mdomo, na maziwa ya kopo nayo yakatoka puani, mistari miwili myeupe. Mkwe akabaki ameishika chupa juu. Kwa mara ya kwanza hakuwa na kipimo.

"Haya nayo mepesi?" akajiuliza.

Usiku ule sikulala wala sitausimulia. Asubuhi ya siku ya tano nilimfungua mtoto nepi, ikawa kavu. Kavu tangu alfajiri. Nikabonyeza shavu, ngozi ikachelewa kurudi. Kilio chake kilikuwa kimepungua, na wengine wangefurahi nyumba imetulia.

"Vaa," nikamwambia mke mwenza. "Tunakwenda hospitali."

"Kwa ajili ya maziwa tu?" mkwe akauliza.

"Maziwa hayana kosa."

"Kosa la nani, basi?"

"Utalisikia hukohuko. Chukua mkoba, funga cherehani."

Akatema pini zote kiganjani. Akafunga.

Kwenye mizani nesi alisoma, akamnyanyua mtoto, akamweka tena, akasoma tena. Alikuwa amepungua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito aliozaliwa nao. Nesi akaondoka kwa mwendo ule ninaoujua, mwendo wa kukimbia bila kuonekana unakimbia, na mara nikasikia vile viatu vinavyolia kama vifaranga.

Daktari alimpima moyo, akamfinya ngozi. Akamsikiliza mke mwenza kwa makini: chwaka chwaka, pua, chupa. Aliposikia pua akauliza haraka, "Kinywa?" Akavuta daftari, akapekua. "Mia nane na kumi na moja. Midomo vema, ufizi vema… kaakaa vema. Ukoo, hapana." Akalifunga. "Haya, kinywa tulishakitazama. Basi tutafute kwingine. Nesi, andaa tumtoe damu, tuangalie maambukizi, halafu moyo."

Nesi akafungua pakiti ya sindano. Mguu wa mtoto ulikuwa mwembamba kama kalamu. Mke mwenza akaushika ule mguu, akaniangalia mimi, ananiomba niseme hautauma. Ile vema yangu ilikuwa imewafungia mlango wote, na ufunguo ninao mimi.

"Daktari, hiyo vema ni yangu."

"Ndiyo, mwandishi ni wewe."

"Siyo mwandiko. Vema yenyewe. Sikumulika. Alikuwa amelala, nikapitisha kidole mbele, nikaandika. Nyuma sikutazama."

Nesi akasimama na sindano yake.

"Na ile hapana ni uongo. Dada yangu, tumbo moja, alikuwa na tundu kwenye kaakaa. Nilijua nilipoandika."

"Bibi," mke mwenza akasema. "Wewe una dada?"

Hilo ndilo lililoniuma. Hakuuliza kwa nini nilidanganya. Aliuliza kama nina dada.

Mkwe alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia anavuta pumzi, nikasubiri mkasi.

Daktari akatoa kijiti kipya. Akanipa tochi. "Mulika."

"Mulika wewe, mwanangu."

"Mulika, Bibi."

Nikamulika, lakini mwanga ukaruka ukutani, kwenye dari, kwenye paji la uso wa nesi. Ndipo nikahisi vidole vimenishika kifundo cha mkono, vigumu, vyenye sugu za mkasi. Mkwe. Akanikaza mkono kama anavyokaza kitambaa chini ya sindano. Mwanga ukatulia.

Daktari akabonyeza kidevu, akashusha ulimi. Mtoto hakuwa na nguvu ya kukataa. Mbele kaakaa lilikuwa zima, la waridi, zuri. Ukienda nyuma linaachana. Pande mbili zimesimama mbalimbali, katikati giza, na kilimi kimegawanyika nusu huku, nusu huku. Nilikuwa nimeona vinywa vingi, lakini hicho sikuwahi. Nilikifahamu hata hivyo. Kilikuwa na sauti ya dada yangu ndani yake.

"Ipo," daktari akasema.

Akaweka kijiti chini, akamgeukia mke mwenza, akamwambia taratibu, na mkwe akisikia. Mtoto hawezi kunyonya kwa sababu juu hapajafunga. Anavuta hewa, anachoka kabla hajashiba. Siyo maziwa. Siyo kitu ulichokula wala kazi uliyofanya. Pengine ni ya ukoo, pengine hata hilo halina uhakika. Akikua kidogo, mwaka hivi, anapasuliwa, panashonwa.

"Panashonwa?" mkwe akauliza. "Kwa uzi?"

"Kwa uzi, mama."

"Uzi gani?"

"Mkwe!" nikasema.

"Nauliza kazi yangu."

Kwanza ashibe, daktari akasema. Mke mwenza akakamua kwenye kikombe kidogo, na maziwa yakatoka mazito, ya njano, hata mkwe akainama kuyatazama. Nesi akamlaza mtoto mkononi, ananyanyua kijiko, nikamzuia.

"Mkalishe. Akae wima kabisa, kama mgeni wa heshima. Mama yangu alimlisha dada yangu hivyo. Matone kwenye shavu la ndani, usimpe katikati. Na usimharakishe."

Daktari akaitikia kwa kichwa. Nesi akanipa kijiko.

Tone la kwanza likakaa. Mtoto akakunja uso, anafikiri. Shingo ikapanda, ikashuka. Amemeza. La pili, amemeza. La tatu, pua kidogo, mkwe akafuta kwa pindo la gauni lake kabla sijaomba kitambaa. La nne. Tulikuwa watu wazima watano tumeinamia kijiko kimoja mpaka kikombe kikaisha.

"Huyo dada yako," mkwe akasema, macho hayatoki kwa mtoto, "aliolewa?"

"Mara mbili."

"Na kuongea kwake kule?"

"Wote wawili walimsikia vizuri sana. Wa kwanza ndiyo maana alikimbia."

Mke mwenza akacheka. Alicheka mpaka akalia, akaendelea kulia, nami nikamwacha alie, kicheko kile sikukistahili chote.

Daktari aliniita pembeni na daftari. Nikakata vema yangu, nikatia mkasi. Nikafuta hapana, nikaandika ndiyo, na mbele yake, nani: dada wa bibi yake mama wa mtoto. Nafasi haikutosha, nikaandika mpaka nje ya mstari. Chini ya safu ya kaakaa, sifuri ikawa moja.

"Wako wengine?" akaniuliza. Hakupandisha sauti. "Uliowatia vema bila kumulika?"

"Hakuna. Huyu tu."

"Nitajuaje, Bibi?"

Nikapekua kurasa za nyuma. Kila vema mle ndani ni ya mkono wangu.

"Nipe tochi," nikasema. "Na nesi mmoja unayemwamini, wa kuniangalia mimi."

Wiki nzima tulizunguka, mimi na nesi mwenye miguu mirefu asiyejua kusubiri mzee, tukifuata anwani za vinywa hamsini vya mwisho. Nyumba hadi nyumba. Wengine wanatufungulia na sabuni mikononi, wengine na mtoto mgongoni.

"Bibi Tochi! Umesahau nini kwetu?"

"Nimesahau kutazama vizuri. Nichungulie tena."

"Kuna ubaya?"

"Ubaya niko nao mimi. Fungua mtoto."

Nesi anatazama, mimi namulika, na kila kidevu kikishuka moyo wangu unashuka nacho. Kila kaakaa likiwa zima naomba radhi kwa usumbufu, natoka, nyumba inayofuata. Wa arobaini na tatu alikuwa amehama, tulimtafuta siku mbili, tukampata kwa shangazi yake. Kaakaa zima. Alinitemea mate jichoni. Nikamshukuru.

Kila jioni nikirudi wodini, mtoto wetu alikolazwa, naenda kwenye mizani kabla sijavua viatu. Siku ya kwanza haikusogea, na nikazunguka kitanda mpaka nesi akatishia kunifunga kamba. Siku ya pili haikusogea. Ya tatu ilipanda kwa kiasi cha kijiko cha chumvi. Ya saba nesi alisoma, akamnyanyua mtoto, akamweka tena, akasoma tena, na safari hii alikuwa anatabasamu.

Mkwe alikuwa amemshonea gauni, jeupe, kola ya duara, mishono midogo ambayo huioni mpaka ukiitafuta. Akamvalisha, akamkalisha wima mapajani kama mgeni wa heshima, akampa kijiko. Mtoto akameza, akameza, akatulia, akakusanya nguvu zote alizozipata wiki ile, akapiga chafya. Maziwa yote puani. Kola, mikono, na kifua cha mkwe.

Mkwe akajitazama. Akanitazama.

"Yanakaa," nikamwambia. "Ni mazito."

Akachovya kijiko tena, huku mimi nimeshaichukua tochi, maana kwenye kitanda cha nne palikuwa na mgeni aliyezaliwa mchana ule, na nesi wa miguu mirefu alishatangulia.